Kidole Gumba cha Chasib

Watu wa Mdaina, mji wetu wa mifereji na matete, walimjua Chasib Mizhir kwa ngumi kabla hawajamjua kwa maandishi. Alikuwa na miaka ishirini na mitano, mwandishi wa barua pale nje ya mahakama, ana vidole kumi vilivyochapa kwa kasi mpaka mahakimu wakawa wanatoka kumtazama, na ana hasira ambayo hata mama yake aliikwepa. Mteja aliyebadilisha maelezo yake mara tatu alipigwa kofi. Karani aliyemcheka alitupwa mtaroni pamoja na kiti chake. Lakini karatasi zake hazikuwa na doa, na kwetu sisi mtu akikuandikia vizuri unamvumilia mengi.

Siku vidole vilipopungua, kosa alianza yeye, na tuliokuwepo hatuwezi kusema vingine. Ugomvi ulikuwa wa pampu ya maji. Nyumba yake iliitumia pamoja na nyumba ya binamu yake Fenjan, mtoto wa shangazi yake Wabria. Fenjan alichelewa kuizima, shamba la Chasib likafurika, Chasib akaja na spana kubwa ya mabomba na bila hata salamu akampiga nayo ya mdomo. Meno manne ya mbele yakaanguka. Fenjan, mdomo umejaa damu na mkononi ana mundu wa kukatia matete, akajibu kwa kile alichokuwa nacho. Chasib aliinua mkono wa kushoto kujikinga. Kidole cha mwisho na kile cha pete vilibaki kwenye tope la mfereji, na bata wa jirani wakavifikia kabla ya watu.

Wazee walikaa, wakanywa kahawa chungu, wakaamua kuwa meno manne na vidole viwili vimelingana. Ikabidi iandikwe karatasi ya suluhu, na mwandishi aliyekuwepo mjini siku ile alikuwa Chasib mwenyewe. Akaichapa kwa mkono mmoja, herufi moja moja, bandeji ikivuja juu ya kibodi, kwamba amesamehe kwa moyo mkunjufu. Hakusamehe hata chembe. Kwa miaka kumi na tisa hakumpa Fenjan salamu, na hata kwenye misiba alikaa pale ambapo asingemwona.

Vidole vitatu vilifanya kazi ya vitano, na kifundo cha mkono kikavimba. Alipofika miaka arobaini alikuwa hawezi kushika gilasi ya chai kwa mkono ule. Daktari akamwambia aache kuchapa. Yeye akamwambia daktari aache kula, kisha akavunja kiti cha kliniki akitoka.

Aliyemwokoa ni dada yake Nidhal, mjane, fundi wa simu, mwanamke asiyeogopa mtu. Aliona kwenye mtandao kuna watu wanaojitengenezea kibodi zilizopasuliwa vipande viwili, kila mkono na kipande chake, na kila kitufe unakipangia mwenyewe kazi yake. Akaagiza vitufe, akalehemu nyaya majira yote ya baridi kwenye meza ya jikoni. Vipande vile vilikaa juu ya mapaja ya Chasib, kimoja huku, kingine kule, mikono imenyooka bila kujipinda. Vitufe thelathini na sita tu, vyote vitupu, havina herufi hata moja juu yake.

"Sasa mimi nitajuaje ipi ni ipi?" Chasib aliuliza.

"Utajua kwa sababu utazipanga wewe," Nidhal akajibu. "Herufi unazozitumia sana ziweke chini ya vidole vyenye nguvu. Zile za vidole vilivyoliwa na bata, mpe kidole gumba."

"Usinitajie bata."

"Bata, bata, bata. Haya, kaa tuchape."

Kibodi ya kwanza aliipiga ukutani siku ya tatu. Nidhal akampiga yeye kwa mwiko wa wali, akaokota vipande, akalehemu upya. Wiki sita Chasib hakuweza kuandika jina lake bila kutukana. Alihamisha herufi hii hapa, ile pale, akaichapa siku mbili, akairudisha. Wiki ya saba vidole vikanyamaza, vikaanza kwenda vyenyewe. Mwisho wa mwaka alikuwa anachapa haraka zaidi kwa vidole vinane kuliko alivyokuwa anachapa kwa kumi, na kifundo kimenywea. Wala hakuwa anatazama skrini. Alimtazama mteja mdomoni, maneno yanatoka huku yanaingia kule, na kama mteja alidanganya alimwona na kumkaripia papo hapo. Hilo la kutotazama skrini lilikuwa fahari yake, na alilitangaza.

Kisha akagundua utamu zaidi. Kibodi ile ilikubali kufundishwa: ubonyeze kitufe kimoja, imwage ukurasa mzima. Na karatasi za kwetu hufanana. Kila mtu mzima Mdaina anazijua kwa moyo, kama sala. Zote zinaanza kwa jina la Mwenyezi Mungu, siku fulani, koo fulani zimeketi ukumbini. Kwa hiyo aliziweka chini ya kidole gumba cha kushoto, zile mbili zilizohitajika zaidi. Kitufe cha ndani, pale gumba linapolala lenyewe, alikiwekea karatasi ya kuhama: mwuaji anaondoka wilayani miaka kadhaa, roho yake iko katika amani ya pande zote mbili, atakayemgusa njiani amewagusa wote. Kitufe cha nje, ambacho gumba hulazimika kujinyoosha kukifikia, alikiwekea karatasi ya kumkana. Hiyo ndiyo ukoo unaposema fulani si wetu na sisi si wake, atakayemkuta amfanye atakavyo, hatudai damu yake. Zote mbili zilikuwa na mapengo matatu ya majina. Kibodi inamwaga mpaka kwenye pengo, inasubiri jina, unabonyeza, inaendelea.

Zamani watu walihamishwa zaidi ya kukanwa. Lakini miaka hii, na vijana wanavyovuta ule unga wa kulevya unaong'aa kama vioo na kuwachoma visu baba zao, wazee walikuja kukana watoto wao karibu kila siku. Gumba la Chasib likaanza kuuma kwa kujinyoosha. Jumapili moja akamwambia Nidhal anabadilisha: ya kumkana inakuja ndani, ya kuhama inakwenda nje.

"Sawa," Nidhal alisema, "ila usitoke nayo kazini kabla hujaichapa nyumbani wiki nzima. Unakumbuka ulivyobadilisha herufi ya alifu? Ulimwandikia yule mama kuwa amefariki."

"Nilikuwa mgeni wakati ule."

"Mgeni wewe! Wiki nzima, Chasib. Niapie."

Akamwapia. Jumatatu asubuhi alikwenda nayo kazini.

Alhamisi ya wiki hiyohiyo walikuja kumchukua. Hawakumwita, walimchukua. Gari mbili za wazi zilipanda juu ya kibaraza cha mahakama, zikaangusha mwavuli wake na meza ya muuza mihuri, wakashuka wanaume wanane wenye bunduki. Mmoja akamshika Chasib kwa ukosi wa kanzu. Chasib akamng'ata mkono mpaka damu ikatoka. Wakamwinua hivyohivyo, wakamtupa nyuma ya gari, kompyuta na printa na betri vikatupwa juu yake.

"Nyie mbwa wa nani?" akapiga kelele.

"Sisi ni watu wako, mwehu wewe," akasema dereva, na kweli walikuwa Albu Sawadi, ukoo wake mwenyewe. "Amani inakwisha magharibi. Fenjan ameua."

Hilo la kuua mji mzima ulilijua. Nyati wa Fenjan waliingia kwenye mpunga wa ukoo jirani wa Beit Mahyub, mtu wa Beit Mahyub aitwaye Raad akampiga nyati mmoja risasi, Fenjan akampiga Raad. Raad alichukua nusu siku kufa. Jioni ile ile bombomu, bunduki ya mfululizo, lilirindima juu ya mfereji, watoto wakalala chini ya vitanda, nyumba mbili zikaungua, na juu ya mlango wa Fenjan pakaandikwa kwa rangi nyekundu: ANATAKIWA KWA DAMU. Wazee waliomba amani ya siku tatu, ikatolewa, na hii ndiyo siku ya tatu. Jua likizama bila karatasi, Beit Mahyub wataingia.

"Na mimi wa nini?" Chasib akauliza. "Hakuna mwandishi mwingine?"

"Wapo. Beit Mahyub wamekataa wote. Wamesema aandike yule mwenye vidole vitatu, kwa sababu huyo ndiye peke yake katika ukoo wetu asiyempenda Fenjan."

Chasib akacheka, damu ya yule aliyemng'ata bado mdomoni. Niseme kweli, alifurahi. Miaka kumi na tisa alikuwa amewaza namna Fenjan atakavyokufa. Alikwisha kumzamisha, alikwisha kumchoma, alikwisha kumtundika kwenye mtende, yote hayo akiwa amelala chali na kitambaa cha moto kwenye kifundo. Sasa alikuwa anapelekwa kuandika roho ya mtu yule kwa mkono uleule.

Ukumbi wa matete ulijaa. Upande wa kulia Albu Sawadi, wa kushoto Beit Mahyub, bunduki zimepangwa nje, ingawa kila mtu alijua nyingine zimo ndani ya mabushti. Katikati alikaa Sayyid Mutashar, mzee wa kilemba cheusi aliyekuwa anafunga damu za watu kwa suluhu tangu Chasib hajazaliwa. Walikuwa wameshakubaliana. Fidia, na Fenjan ahame miaka saba, aondoke leo hii kabla ya jua kuzama, peke yake, kwa daraja la chuma, njia pekee ya kutokea. Daraja hilo lilikuwa mikononi mwa vijana wa Beit Mahyub. Karatasi ndiyo itakayompitisha. Bila karatasi atapigwa hapohapo.

Chasib alikuwa anaunganisha nyaya zake wakati shangazi yake Wabria alipoingia. Mwanamke haingii katika ukumbi wa wanaume, ila kwa jambo moja. Alitembea mpaka katikati, akavua ushungi wake mweusi mbele ya wanaume wote wale, mvi zake zikaonekana, akautupa juu ya miguu ya Chasib.

"Najua wewe ndiye unayeandika," akasema. "Najua kalamu inaweza kufanya nini. Vidole vyako nitakulipa mimi. Kata vyangu vyote, hivi hapa. Lakini mwandikie mwanangu maneno ya kumpitisha, Chasib, mwanangu. Nilikunyonyesha mama yako alipougua. Mwandikie apite."

Mwanamke akitupa ushungi, ama unauokota na kumvisha, na hapo umefungwa, ama unauacha chini, na hapo umemzika akiwa hai. Chasib aliutazama. Aliyaona mapaja yake, vipande viwili vya kibodi, mkono wake wa kushoto. Alimchukia Fenjan wakati ule kuliko siku zote, na nywele zile nyeupe zikamshinda. Akainama, akauokota, akamvika shangazi yake kwa mikono miwili na kumbusu kichwani.

"Atapita, shangazi," akasema. "Kwa huu mkono."

"Mchezo wa kuigiza!" Aliyepiga kelele alikuwa Ghadban, mdogo wake Raad, kijana mwenye macho mekundu ya siku tatu. "Ndugu yangu yuko mchangani na hawa wanavishana nguo!" Akachomoka upande wa kushoto, akanyakua bunduki ya mlinzi mlangoni na kushusha kitako kwa nguvu zake zote. Alikusudia kichwa cha Chasib. Chasib akajitupa pembeni, kitako kikaipata kompyuta, skrini ikapasuka katikati na kuwa nyeusi. Chasib aliinuka na kumpiga Ghadban kofi moja, kisha ngumi, kisha akamshika masikio akampigiza kwenye nguzo ya matete mara mbili kabla hawajawatenganisha. Nje mtu akafyatua risasi. Ndani watu hamsini wakasimama.

"Kaeni!" Sayyid Mutashar alinguruma. "Atakayebaki amesimama nitamlaani yeye na watoto wa watoto wake!"

Wakakaa. Ghadban alikaa akitema damu. Sayyid akatazama mlangoni, jua lilikuwa limefika kwenye vichwa vya mitende.

"Mashine imekufa?" akauliza.

Chasib akasikiliza. Feni ya kompyuta ilikuwa inaunguruma, taa ya printa ya kijani. "Imepofuka tu, Sayyid. Haijafa."

"Tutafute nyingine mjini?"

"Mpaka iletwe jua limezama. Tangu lini mimi nikatazama skrini? Nisomeeni majina."

Akaketi, akaweka vipande juu ya mapaja. Kifundo cha kushoto kilikuwa kinapwita kwa ngumi alizopiga. Aliwaza karatasi ya kuhama, hakuwaza kitu kingine. Na gumba lake, katika kelele ile na haraka ile, likashuka lenyewe mahali lilipozoea kushuka kwa miaka mitatu ilipotakiwa karatasi ya kuhama. Kitufe cha ndani. Hakuhisi lolote. Pengo la kwanza, Albu Sawadi. Pengo la pili, Beit Mahyub. Pengo la tatu, Fenjan bin Dakhil. Mapengo matatu huku, mapengo matatu kule.

Printa ikakoroma nakala tatu. Sayyid akachukua ya kwanza, akasogea mlangoni kwenye mwanga, akasoma kwa sauti: kwa jina la Mwenyezi Mungu, siku ya Alhamisi, wameketi Albu Sawadi na Beit Mahyub ukumbini kwa ajili ya Fenjan bin Dakhil aliyemwaga damu isiyo yake. Hapo bombomu likalia upande wa darajani, mfululizo mrefu, na matete ya paa yakadondosha vumbi.

"Wanaliona jua," mzee mmoja wa Beit Mahyub akasema. "Vijana wangu hawatangoja. Harakisha, Sayyid."

"Yaliyobaki mnayajua," Sayyid akasema. "Leteni wino."

Na kweli waliyajua. Walizaliwa wakiyasikia. Wakapiga magumba, sita huku, sita kule, wanapulizia wino ukauke. Nakala moja ikaenda na wazee wa Beit Mahyub, waliotoka mbio kuwazuia vijana wao, Ghadban mbele yao. Moja ikabaki kwa ajili ya sanduku la Sayyid. Moja ikakunjwa mara nne kwa ajili ya Fenjan.

Walimtoa nyuma, kwenye banda la nyati alikofichwa siku tatu, ndevu zimejaa nyasi. Alikuwa amezeeka. Hakujua kusoma, hakuwahi kwenda shule hata siku moja. Akaipokea karatasi kwa mikono miwili, akaibusu, akaitia kwenye mfuko wa kifuani. Kisha akasimama mbele ya Chasib. Midomo yake iliingia ndani pale meno yalipokuwa hayapo.

"Binamu," akasema, "mimi nilikukata, wewe umeniandikia. Mkono wako uishi."

Ndiyo tunavyomwambia mtu aliyetutendea wema kwa mikono yake, hata aliyekupikia chai tu. Lakini Fenjan hakuwahi kumwambia Chasib, na Chasib hakuwa amejiandaa.

"Nenda, mwehu wewe," akasema. "Nenda kabla sijabadili mawazo. Na ukifika huko kaweke meno."

Fenjan akacheka kwa ufizi. Akapanda pikipiki yake. Mama yake alimshika mguu mpaka injini ilipowaka, kisha akamwachia.

Chasib akarudi ndani kukusanya vitu vyake. Alikuwa mwepesi moyoni, jambo ambalo lilimshangaza. Alikuwa anakunja nakala ya tatu ili aitie sandukuni, na kwa kuwa alikuwa mwandishi, jicho lake lilishuka chini ya ukurasa kutazama kama wino umekolea vizuri.

*Si wetu na sisi si wake. Atakayemkuta amfanye atakavyo. Hatudai damu yake, wala hatuulizwi.*

Alisoma mara moja tu. Gumba lake la kushoto likajikunja ndani ya kiganja. Akatoka mbio, hana viatu, akamwangusha mzee mlangoni, akamvuta dereva kwenye gari kwa nywele na kumtupa chini. Aliendesha juu ya tuta la mfereji, juu ya mbogamboga za watu, huku anapiga honi na kulitaja jina la Fenjan kana kwamba lingefika kabla yake. Alipoona nguzo za daraja, akasikia risasi. Hazikuwa nyingi. Tatu mfululizo, kisha moja peke yake.

Fenjan alikuwa amelala chali karibu na pikipiki, gurudumu la nyuma bado linazunguka. Risasi ya mwisho ilikuwa imepigwa mdomoni. Vijana arobaini hivi walikuwa pale, wengine wanafyatua hewani sasa. Mmoja wao aliyesoma shule alikuwa amewasomea nakala ya wazee mpaka mwisho; sasa alikuwa ameishika ile iliyotoka kifuani kwa Fenjan, na ilikuwa na tundu.

Ghadban alikuja kwa Chasib na jicho lililovimba kwa ngumi zake. Chasib alidhani anauawa na hakujali. Lakini Ghadban aliuchukua mkono wake wa kushoto, ule wa vidole vitatu, akauinua, akaubusu.

"Mkono wako uishi, Chasib," akasema, na alikuwa analia. "Nisamehe pale ukumbini. Sikuelewa. Mlisema moja mbele ya mama yake, mkaandika nyingine. Huo ndio uungwana. Sasa damu imefungwa, wallahi imefungwa, hakuna mtu wa Beit Mahyub atakayeinua bunduki juu ya Albu Sawadi."

Chasib akafungua mdomo aseme kuwa amekosea. Maneno yalikuwa tayari. Akaona gari za Albu Sawadi zinakuja nyuma yake kwa vumbi, na bunduki zimetokeza madirishani, akaelewa. Akisema karatasi ni kosa, basi Fenjan ameuawa akiwa ndani ya amani ya koo zote mbili, na kwa jambo hilo kwetu hakuna suluhu. Kabla ya chakula cha usiku daraja lote lingekuwa maiti, hawa arobaini na wale wanaokuja, kisha nyumba, kisha watoto chini ya vitanda. Na akinyamaza, basi aliyemuua Fenjan ni yeye.

Sayyid Mutashar alishuka garini akapewa karatasi yenye tundu. Safari hii aliisoma mpaka mwisho. Rangi ikamtoka. Akamtazama Chasib muda mrefu, kisha akaikunja, akaitia ndani ya bushti lake. Na wazee wa Albu Sawadi, mmoja mmoja, wakayatazama magumba yao yenye wino.

Wabria ndiye aliyefika wa mwisho, kwa miguu, ushungi aliovikwa umeteremka mabegani. Hakupiga kelele. Alikaa chini, akaweka kichwa cha mwanawe mapajani, akamfuta mdomo kwa pembe ya ushungi. Ndipo akainua uso.

"Ulikosea," akamwambia Chasib. Sauti yake ilikuwa ya kumbembeleza. "Mashine ilipigwa, skrini ilikufa, nimesikia. Ulikosea tu, mwanangu. Niambie ulikosea."

Vijana wa Beit Mahyub waliacha kufyatua. Ghadban alikuwa bado ameushika mkono ule. Chasib alitaka kumwambia kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote katika maisha yake yote, na chini kabisa ya kutaka huko kulikuwa na jambo jingine: hakuwa na hakika. Alikuwa na hakika ya moyo wake, lakini si ya gumba.

"Hapana, shangazi," akasema. "Sikukosea."

Wabria hakulia wala hakumlaani. Alivua ushungi mabegani, akamfunika nao Fenjan uso, na tangu siku ile hadi alipozikwa alitembea Mdaina kichwa wazi, na kila mtu alijua ni kwa sababu ya nani.